Seti ya kwanza ya treni ndogo: anza na reli, kichwa kitafuata

Ukifungua sanduku la treni ndogo, jicho linakimbilia kichwa. Ndivyo watengenezaji wanavyotaka: picha ya kifuniko ni kichwa, na bei inapandishwa na kichwa. Ila kinachorudisha seti kabatini kabla mwaka haujaisha ni vitu viwili visivyopigwa picha, reli na umeme unaopita ndani yake. Treni inakwama, inasukumwa kwa kidole, inakwama tena, basi. Kwa hiyo hapa tumepanga seti kwa kutazama reli zake, nafasi zinazodai nyumbani na umeme wake, halafu ndipo kichwa.

Orodha ni ya mtu anayenunua mara ya kwanza na anayetaka kujenga: kuweka kokoto, kupaka vumbi na kutu za rangi, kubandika vishikio vya waya kwenye behewa. Treni za betri zenye reli za plastiki hazimo. Ni midoli mizuri, lakini reli zake hazibebi umeme, kwa hiyo hakuna pa kuendelea nazo.

Mambo mawili ya kukagua kabla ya kulipa

La kwanza ni sumaku. Chukua hata ile ya mlango wa friji, iguse ubavuni mwa reli. Ikinata, reli ni ya chuma. Isiponata na reli ina weupe wa kijivu, ni nikeli-silva, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki (jina lina silva, fedha haimo hata chembe). Isiponata na reli ni ya njano, ni shaba ya njano ya zamani. Nunua nikeli-silva. Chuma hushika kutu, na kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, kutu haisubiri; shaba ya njano nayo hufanya utando unaozuia umeme na kukulazimisha kusugua kila mara. Kwa reli za Bachmann E-Z Track huhitaji hata sumaku: zenye kitako cheusi ni za chuma, zenye kitako cha kijivu ni nikeli-silva. Seti nyingi za bei ya chini huja na zile nyeusi.

La pili ni kibandiko kilicho mgongoni mwa adapta. Umeme wa Kenya, Tanzania na Uganda ni volti 230 hadi 240. Seti iliyotoka Marekani ina adapta ya volti 120, na iliyotoka Japani ina ya volti 100. Ukichomeka moja kwa moja, adapta inaungua, na mara nyingine kidhibiti mwendo kinaondoka nayo. Tafuta maandishi "INPUT 100–240V". Yasipokuwepo, utahitaji transfoma ya kushusha volti, au kununua kidhibiti kingine. Transfoma ya wati 100 inatosha kwa seti moja. Angalia pia upande wa kutoka: adapta zingine hutoa AC na zingine DC, na plagi zake ndogo hufanana kama mapacha. Ukibadilisha adapta, fuata kibandiko cha ile ya awali, volti na aina ya mkondo, si umbo la plagi.

1. HO, mfumo wa reli mbili, reli zenye kitako cha plastiki

HO ni skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, na nafasi kati ya reli zake mbili ni milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 unapata milimita 1,435, ambayo ndiyo geji (nafasi kati ya reli mbili) ya SGR ya Mombasa–Nairobi iliyofunguliwa 2017, na ya SGR ya Tanzania iliyoanza kubeba abiria 2024. Anayetaka kuiga njia hizo hana haja ya hesabu za ziada.

Tumeiweka ya kwanza kwa sababu ya vumbi na vidole. Madirisha yetu hukaa wazi, na vumbi likitua juu ya reli, kichwa kizito hulipenya pale kichwa chepesi kinaposimama. Na kwa mkono unaojifunza, kishikio cha mlango cha waya wa milimita 0.4 kinabandikika kwenye HO bila lenzi. Kwenye skeli ndogo zaidi, kazi hiyo hiyo ni ya kibano na pumzi iliyozuiwa.

Gharama yake ni nafasi. Duara la nusu-kipenyo cha milimita 457 linataka ubao wenye upana usiopungua mita 1.05. Karatasi nzima ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 (milimita 1,220 kwa 2,440) ndiyo saizi ya kawaida ya hadwea, na inakaa vizuri: vipande 12 vya kona vya nyuzi 30, vipande 8 vilivyonyooka vya milimita 229, vinne kila upande. Hapo njia ina kama mita 1.83 kutoka ncha hadi ncha, na bado ubao una nafasi ya stesheni na pointi mbili (mahali njia inapogawanyika) za njia ya pembeni. Plaiwudi iwe ya milimita 12, na chini yake weka mbao za inchi 2 kwa 1 kila sentimita 40. Bila mbao hizo ubao hupinda msimu wa mvua, viungo vya reli vinafunguka, na utalaumu kichwa bure.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Behewa la abiria la mita 25 linatoka na urefu wa sentimita 29 katika HO. Kona ikiwa na nusu-kipenyo kilicho chini ya mara mbili ya urefu wa behewa, treni inahangaika: ncha zinatokeza nje, viunganishi vinavutana pembeni, behewa jepesi linaruka. Mara tatu ndipo inapopendeza. Sentimita 45.7 kwa 29 haifiki hata mara mbili. Lakini behewa la kontena la mita 14 lina sentimita 16 tu, na hapo uwiano unakaribia mara tatu. Kwa ubao huo, basi, nunua seti ya mizigo. Treni ndefu ya abiria iache hadi upate chumba, au usome namba 2.

Mtego mkubwa wa HO ni neno lenyewe. Märklin, kampuni ya Ujerumani, nayo inaandika HO, na geji ni ile ile, ila mfumo wake una mstari wa vinundu vya umeme katikati ya mataruma na kichwa kina kijiko kinachoburuta juu yake. Ni mfumo imara. Lakini magurudumu yake hayana utengano wa umeme kati ya kushoto na kulia. Ukiliweka behewa lake kwenye mfumo wa reli mbili, ambapo kila reli hubeba upande wake wa umeme, umepiga shoti. Kwenye picha ya tangazo tafuta vinundu hivyo katikati ya njia.

2. N, milimita 9

N ni 1:160, na inashinda HO pale nyumba inapobana. Duara la reli za Kato Unitrack la R315 (nusu-kipenyo cha milimita 315) lina vipande 8 vya nyuzi 45. Ukiongeza vipande 8 vilivyonyooka vya milimita 248, njia nzima ina mita 1.62 kutoka ncha hadi ncha kwa upana wa sentimita 63. Hiyo inalala juu ya mlango wa flashi. Nunua mlango mpya wa sentimita 80 hivi: ni mwepesi, umenyooka, haupindi, na ukimaliza unausimamisha ukutani nyuma ya kabati. Na lile behewa la mita 25 hapa ni sentimita 16, kwa hiyo treni ya abiria ya mabehewa sita inapita kona bila aibu.

Unitrack ni nikeli-silva, na viungo vyake vinashikana sawasawa. Ndiyo sababu hatujaishusha zaidi ya namba 2. Kinachoishusha ni uzito: kichwa cha N ni chepesi mno, na chembe ya vumbi inatosha kukizima. Chagua kichwa chenye bogi mbili (fremu ndogo za magurudumu chini yake) zinazochukua umeme kwa magurudumu yote. Cha mvuke chenye magurudumu mafupi manne ni kizuri kwa macho, ila kwenye pointi kitakutia presha. Na kumbuka kwamba seti ya Japani huja na umeme wa volti 100.

3. OO

OO ya Uingereza ni ya kipekee kidogo: mwili ni 1:76, reli ni zile zile za milimita 16.5 za HO. Treni inapanda juu ya njia nyembamba kuliko inavyostahili, na hilo linawakera wapenda usahihi. Lakini ina faida mbili kwetu. Plagi ya Uingereza ni ile ile ya pini tatu tunayotumia, na volti zinalingana, kwa hiyo seti aliyokuja nayo ndugu kutoka London inachomekwa na kufanya kazi. Tena za mitumba ni nyingi huko.

Usichanganye majengo na magari ya OO na HO kwenye ubao mmoja. OO ni kubwa kwa karibu asilimia 14, na jicho linaona mara moja, hasa watu wakisimama kando ya behewa. Kona za Hornby, kampuni ya Uingereza, za nusu-kipenyo cha pili ni milimita 438. Zile za kwanza, milimita 371, ziache. Vichwa vingi vipya havizipendi.

4. TT, 1:120

Reli ni milimita 12. Ulaya Mashariki skeli hii ina mizizi mirefu, na Hornby iliingia 2022. Kwa ukubwa ni mahali pazuri kabisa, kati ya vumbi la N na ubao mpana wa HO, na kama tungepanga kwa umbo pekee ingekuwa juu. Tatizo ni kwamba uchaguzi wa vichwa na mabehewa ni mfinyu, na kipuri kikivunjika, huna jirani wa kumwomba.

5. HOm, kwa wapenzi wa reli ya mita

Njia ya zamani kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyofika ziwani 1901, ni geji ya mita moja. Katika 1:87 hiyo inakuwa milimita 11.5, kwa hiyo reli za HOm za milimita 12 zinakaribia sana. Zinaifaa pia TAZARA yenye geji ya milimita 1,067. Peco na Bemo wanazo reli hizi.

Tumeiweka mwisho si kwa dharau. Vichwa vya Afrika Mashariki hutavikuta ndani ya seti za kuanzia. Zilizopo ni za milima ya Uswisi. Garratt za daraja la 59, vichwa vikubwa vya mvuke vilivyojengwa na Beyer Peacock miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima, itabidi uzijenge. Ya namba 5918, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nenda na futi kamba na kamera. Katika 1:87 inatoka na urefu wa sentimita 36 na nusu, yenye seti mbili za magurudumu makubwa manane. Ni kazi ya mtu aliyekwisha kufungua vichwa vitatu vinne na kuvirudisha.

Ukinunua kichwa cha mtumba

Kilaze chali juu ya sponji. Chukua betri ya volti 9 na waya mbili, gusa gurudumu la kushoto na la kulia. Kikizunguka kwa ulaini, vizuri. Kikilia "tik, tik" mara moja kwa kila mzunguko, gia ya ekseli imepasuka. Ni ugonjwa wa plastiki ya zamani, na gundi haiuponyi, unabadilisha gia. Kikinguruma bila kuzunguka, mara nyingi grisi imeganda kama nta, na hilo linasafishika. Ukiona mwili wa metali una nyufa ndogo na umevimba, achana nacho hata kwa bure: zinki iliyooza hairudi.

Uliza soketi ya dekoda, kile kifaa kidogo kinachowezesha kichwa kuendeshwa kidijitali. Kichwa chenye soketi ya pini 8 au 21 kinakimbia leo kwa umeme wa kawaida wa volti 12 na kesho kinapokea dekoda bila kulehemu. 

Vitu vya kuweka kwenye kikapu siku hiyo hiyo

Mita 10 za waya wa milimita mraba 1.5, rangi mbili, kwa ajili ya njia kuu ya umeme chini ya ubao, na waya mwembamba wa 0.5 wa kupandisha umeme kwenye reli kila mita moja hadi moja na nusu. Seti inakupa mahali pamoja tu pa kuingizia umeme. Ndiyo maana treni hupunguza mwendo upande wa pili wa duara. Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa cha pamba cha kufutia reli. Msasa usiuguse: unaacha mikwaruzo, na uchafu unajichimbia humo humo.

Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwamba hayali plastiki, tone moja kwenye ncha ya sindano kwa kila ekseli. Likizidi, linatiririka hadi kwenye reli na treni itateleza palepale.

Mwisho viunganishi. Vya Ulaya ni kitanzi, vya Hornby ni ndoano pana, vya Marekani na vya SGR ya Kenya vina umbo la ngumi. Havishikani. Amua aina moja kabla ya behewa la kwanza la nyongeza, na nunua mabehewa yenye mfuko wa NEM (kiwango cha Ulaya cha treni ndogo), ambapo kiunganishi kinachomolewa kwa vidole na kingine kuingia.