Kong Classic kwa mbwa anayeogopa kuachwa peke yake: mpira mzuri, mradi ujue kazi yake

Mpira wa Kong Classic, ule mwekundu wenye maviringo matatu yaliyopandana na uwazi ndani wa kutilia chakula, huuzwa katika maduka ya vifaa vya wanyama jijini Nairobi kana kwamba ni dawa ya mbwa wanaoharibu nyumba pindi wenye nyumba wakitoka. Nimeutumia kwa miezi kadhaa pamoja na Bosco, mbwa dume chotara wa kilo 18 ninayeishi naye katika fleti ya ghorofa ya pili, ambaye hofu yake ya kuachwa ilikuwa imefikia kiwango cha kutafuna fremu ya mlango hadi fizi zikatoka damu. Maoni yangu ni kwamba mpira huu umetengenezwa kwa ustadi na unastahili bei yake, lakini faida yake kubwa kwa mbwa wa aina hii ni tofauti na ile inayotajwa na wauzaji: humwonyesha mwenye mbwa, kwa uwazi kuliko kifaa kingine chochote nilichotumia, ni wakati gani mbwa ametulia na ni wakati gani hofu imeshampanda.

Inafaa kwanza kutenganisha matatizo mawili yanayofanana kwa macho. Mbwa asiye na la kufanya hutafuna kiatu, mto wa kochi au chochote anachokikuta, mara nyingi baada ya kusinzia kwanza, na akiridhika hulala tena. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huanza mara tu mlango unapofungwa au dakika chache baadaye, na hushambulia mahali pa kutokea: mlango, dirisha, pazia, wavu wa mbu. Hubweka na kulia mfululizo, huhema, hudondokwa na mate hadi sakafu ikalowa, na hukojoa ndani ingawa alikwishafunzwa kwenda nje. Mbwa huyo halipizi kisasi wala hana ukaidi. Ametaharuki, na kumchapa unaporudi humfanya aogope hata kurudi kwako. Katika miji yetu tatizo hili linaonekana zaidi sasa kwa sababu makazi yamebadilika. Mbwa wa uani hakuwa peke yake hata siku moja, maana palikuwa na askari wa lango, msaidizi wa nyumbani akifua, watoto, kuku na wapita njia. Mbwa wa fleti hufungiwa ndani tangu alfajiri hadi mwenyewe atakapotoka kwenye msongamano wa magari jioni, na majirani husikia kilio chake mchana kutwa.

Kong ni bidhaa ya Marekani, kutoka kampuni iliyoanza mwaka 1976 na yenye makao yake Golden, Colorado. Mwanzilishi wake, Joe Markham, alikuwa na mbwa aina ya German Shepherd aitwaye Fritz, aliyekuwa akitafuna mawe na kujiharibia meno. Markham alipokuwa akikarabati gari kuukuu la Volkswagen, Fritz aliyaacha mawe na kukichukua kipande cha mpira kilichotolewa kwenye springi za gari hilo, na umbo la kipande hicho ndilo lililozaa umbo la Kong ya leo. Ni mpira asilia, mnene, unaobonyea chini ya meno na kurudi katika hali yake, na ukidunda hauendi upande unaoutarajia. Una tundu kubwa chini na dogo juu. Tundu hilo dogo, ambalo mnunuzi anaweza kulidharau, huruhusu hewa kupita ili ulimi usinaswe, hatari iliyopo katika mipira ya bei nafuu yenye tundu moja tu, kwa kuwa mbwa anapolamba ndani hewa hupungua na ulimi ukavutwa na kuvimba. Kwa sababu hiyo pekee nisingemshauri mtu anunue mpira wa kuigiza, hasa kwa mbwa atakayekuwa nao bila mtu wa kumtazama.

Nilipompa Bosco Kong iliyojaa maini yaliyosagwa kisha nikatoka, simu kuukuu niliyoisimamisha juu ya kabati ilirekodi jambo ambalo kila mwenye mbwa wa aina hii anapaswa kulitazama kwa macho yake. Aliulamba mpira kwa bidii wakati hatua zangu zikisikika ngazini. Komeo la lango la chini lilipolia, ulimi ulisimama. Aliinua kichwa, masikio yakageukia mlango, kisha akauacha mpira ukabingirika hadi chini ya meza naye akaenda kusimama mlangoni, ambako alianza kuhema, kisha kulia, kisha kukwaruza. Hakuugusa tena hadi niliporejea, na baada ya kunilaki aliurudia na kuumaliza kwa pupa. Kususa chakula kitamu mwenyewe akiwa hayupo na kukila mara anaporudi ni miongoni mwa dalili zinazotambulika za hofu ya kuachwa. Ushauri wa kuongeza nyama au kutafuta kijazio kitamu zaidi, ambao nimeusikia dukani zaidi ya mara moja, hausaidii hapa, kwa sababu mbwa aliyeshikwa na woga hana hamu ya kula.

Ndiyo maana Kong haina budi kuingizwa ndani ya mafunzo yenyewe. Mafunzo hayo ni ya kumzoesha mbwa kubaki peke yake kwa muda mfupi kuliko ule unaoamsha hofu yake, kisha kuurefusha taratibu. Huanza na ishara za kuondoka: unachukua funguo kisha unaketi, unavaa viatu na kwenda jikoni, unabeba mkoba na kuuweka tena, hadi vitu hivyo visimwambie mbwa lolote. Baada ya hapo unafungua mlango na kuufunga, unatoka na kurudi ndani ya sekunde chache kabla hajainuka, unashuka hadi ngazi ya kwanza, hadi langoni, hadi kioski cha mtaani. Muda hauongezwi kila mara. Baada ya dakika mbili unaweza kurudi kwenye nusu dakika, kisha ukaenda tatu, ili mbwa asijifunze kwamba kila safari ni ngumu kuliko iliyotangulia. Sharti gumu zaidi ni kwamba katika kipindi chote hiki asiachwe kwa muda unaozidi uwezo wake, kwa kuwa siku moja ya taharuki inaweza kufuta kazi ya wiki nyingi. Hapo ndipo gharama halisi ilipo, kwani utahitaji msaidizi, ndugu, jirani mwema au ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani.

Katika utaratibu huo Kong ilipata kazi iliyoifaa. Nilianza kumpa Bosco nikiwa nimeketi chumba kile kile, juu ya mkeka wake, kisha nikiwa chumba cha pili mlango ukiwa wazi nusu, na baadaye tu wakati wa kutoka kwa muda mfupi. Sikumpa katika kila safari, kwa sababu mbwa hujifunza haraka kwamba mpira ukitolewa mtu anaondoka, na wapo wanaoanza kutetemeka wakisikia tu mlango wa friza ukifunguliwa. Kamera ikiwa imewashwa, mpira husomeka vizuri sana. Komeo likilia naye akaendelea kulamba, hatua hiyo ameimudu. Akisimama kidogo, akasikiliza, kisha akarudia, unabaki kwenye hatua hiyo hiyo kwa siku kadhaa. Akiuacha, unarudi nyuma. Kuna tahadhari moja ambayo maelezo ya bidhaa hayaisisitizi: mbwa anaweza kushughulika na chakula kwa dakika kumi bila kugundua kuwa yuko peke yake, na taharuki ikaanza pale mpira unapokwisha. Rekodi lazima iendelee baada ya tonge la mwisho, la sivyo utaamini kwamba amepona kumbe amecheleweshwa tu.

Kuhusu vijazio, soko letu linatosha na hakuna haja ya kununua vile vya kopo kutoka nje. Mwanzoni jaza vitu vinavyotoka kwa urahisi, kama vile chakula chake cha kawaida cha punje kilicholowekwa kidogo, ili mbwa asikate tamaa. Akishaelewa, shindilia boga au viazi vitamu vilivyopondwa, maini yaliyochemshwa na kusagwa, au ugali laini uliochanganywa na supu ya mifupa isiyo na kitunguu, kitunguu saumu wala chumvi. Omena chache zilizopachikwa kwenye tundu kubwa humtia hamu ya kuanza. Ili idumu zaidi, ziba tundu dogo kwa boga kwa muda tu, isimamishe Kong ndani ya kikombe, mimina supu au maziwa lala kidogo, kisha igandishe usiku kucha. Stima ikipotea, boga lililoshindiliwa bila kugandishwa bado hufanya kazi, ila kwa muda mfupi zaidi. Kiasi anachokula kwenye Kong kipunguzwe kwenye sahani yake, kwa maana mbwa anayefunzwa kila siku hunenepa upesi.

Siagi ya karanga, ambayo wengi huitumia, inahitaji uangalifu wa aina mbili. Soma lebo uhakikishe haina xylitol, sukari mbadala ambayo huandikwa pia E967, kwa sababu hata kiasi kidogo hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi na huweza kuharibu ini lake. Pili, karanga za ukanda wetu hushambuliwa na ukungu unaozalisha aflatoksini, yaani sumukuvu, na Shirika la Viwango la Kenya limewahi kuzuia chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu hiyo. Sumu hiyo huumiza ini la mbwa kama linavyoumizwa la binadamu. Mimi nimeiacha kabisa na kutumia boga.

Kwa mbwa ambaye hofu yake imefika mbali, mafunzo na mpira peke yake huenda visitoshe, na kumpeleka kwa daktari wa mifugo si dalili ya kushindwa. Daktari atachunguza kwanza kama kuna maumivu au ugonjwa unaoeleza kukojoa ndani na kukosa utulivu. Baada ya hapo anaweza kuandika dawa. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa iliidhinisha klomipramini kwa tatizo hili la mbwa mwaka 1998 na fluoksetini mwaka 2007, na zote mbili hutolewa pamoja na mafunzo, si badala yake. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo kamili, na kipimo hutegemea uzito na afya ya mbwa. Kwa hiyo kumgawia mbwa vidonge vya binadamu vilivyobaki nyumbani ni hatari. Bosco alianzishiwa fluoksetini, na badiliko nililolithamini kuliko yote ni kwamba aliweza kuendelea kulamba mpira pale ambapo zamani angeuacha. Dawa ilimtuliza kiasi cha kuweza kujifunza.

Kuna bidhaa zinazopangwa kwenye rafu moja na Kong ambazo nisingezinunua kwa tatizo hili. Kreti ya chuma, yaani kizimba cha kumfungia mbwa, humzuia mbwa kufika mlangoni, lakini mbwa mwenye taharuki huweza kuvunja meno na kung'oa makucha akijaribu kutoka, na hofu yenyewe hubaki palepale. Ukosi unaopiga umeme mbwa akibweka ni mbaya zaidi, kwa kuwa huongeza maumivu juu ya woga, na kubweka kunaweza kukoma huku mateso yakiendelea kimya. Wapo pia wanaoshauri kununua mbwa wa pili. Mara nyingi mbwa wa aina hii humtamani binadamu wake, na mwenzake hawezi kuliziba pengo hilo.

Kuhusu uimara, Kong nyekundu ya Bosco ina alama za meno tu, bila ufa wala kipande kilichong'oka, ingawa taya zake ziliumaliza ubao wa mninga. Kwa mbwa mwenye nguvu zaidi ipo nyeusi, iitwayo Extreme, iliyo ngumu kuliko hii; kwa mtoto wa mbwa ipo laini ya rangi ya samawati au waridi. Ubaya wake mkubwa ni kuisafisha. Chakula huganda kwenye kiviringo cha juu, na ukiilaza bila kuosha utaamka na msafara wa sisimizi, hivyo nunua brashi ya chupa za watoto, iloweke Kong katika maji ya moto yenye sabuni, kisha isuuze vizuri. Bei nayo ni nzito ukilinganisha na mipira ya kawaida, na kwa anayefunza mbwa kila siku moja haitoshi, maana moja huwa kwenye friza nyingine ikiwa mezani.

Kabla ya kununua, mpime mbwa uzito. Saizi ya L hufaa mbwa wa takribani kilo 13 hadi 30, M wa kilo 7 hadi 16, na XL wa kilo 27 hadi 41. Uzito ukiangukia kati ya saizi mbili, chukua kubwa, kwa sababu ndogo huweza kumkwama kooni. Mimi naipa nyota nne kati ya tano, nikiiondolea moja kwa ajili ya ahadi za wauzaji na ugumu wa kuisafisha. Bosco sasa hubaki peke yake kwa muda wa kunitosha kwenda sokoni na kurudi. Siku nzima ya kazi bado hajaiweza, na msaidizi wangu huendelea kushinda naye.