Dona la Ruaha Mbuyuni: chakula ninachokipima kesho yake asubuhi

Ladha naijali na bei naijali, lakini mimi dereva wa lori sahani naitolea hukumu kesho yake asubuhi, nikishatoka chooni. Kwa kipimo hicho, banda la mama mmoja pale Ruaha Mbuyuni, kabla hujaanza kuupanda mlima Kitonga, ndilo bora kuliko yote ninayoyajua kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Banda halina kibao. Ulizia wanapopika dona, utaonyeshwa.

Asiyeifanya kazi yetu hajui inavyokaa tumboni. Uko kitini tangu alfajiri. Maji unakunywa kidogo, makusudi, ili usisimame kila mara. Haja ikikujia uko kwenye foleni ya mizani unaibana, nayo ikishabanwa inanyamaza. Lakini huko iliko utumbo mpana unaendelea kuinyonya maji, na kadiri inavyokawia ndivyo inavyokauka. Halafu angalia tunachokula barabarani: chipsi mayai, chapati, mkate mweupe, nyama choma, soda. Nyuzinyuzi humo ni chache, kwenye nyama na soda hamna kabisa, na nyuzinyuzi ndizo zinazoshika maji na kukifanya choo kiwe kikubwa na laini. Basi mtu anapata vigololi kama vya mbuzi, anajikamua mpaka jasho linamtoka, na mwisho wake ni bawasiri. Madereva wengi wanaumwa bawasiri na hawasemi. Utamwona mwenzako amekalia mto, ukimuuliza anasema ni mgongo.

Kwa mama huyu sahani ni shilingi 3,000: ugali wa dona, maharage, mlenda, dagaa wachache na kipande cha papai. Mahindi ananunua mwenyewe, anayachambua, anayaanika tena, kisha anapeleka mashineni ya kutosha wiki moja tu. Nilimuuliza kwa nini asisage gunia zima akapumzika.

"Baba, dona likikaa linachacha. Nikupe uchungu ule?"

Ni kweli. Kiini cha mahindi kina mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoharibika. Sembe inakaa dukani muda mrefu kwa sababu kiini na pumba vimeshaondoka kwenye kinu cha kukoboa, na nyuzinyuzi zimeondoka navyo. Hiyo kazi ya kuchambua naiheshimu kuliko zote. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na mla dona anakula punje nzima na ganda lake. Kwa hiyo mahindi ya dona yanatakiwa kuwa masafi kuliko hata ya sembe. Ukikuta mtu anauza dona la mahindi yenye ukungu, ondoka.

Mlenda wake una bamia na karanga za kutwanga, mzito, unavutika. Wapo wasioupenda kwa ajili ya ule ute. Mimi naufuata huo huo ute, maana ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, zinateleza na choo kinateleza nazo. Papai linaongeza maji na nyuzinyuzi zake. Kisha ipo juisi ya ubuyu, ya mibuyu ya hapo hapo, haichujwi mpaka ikawa maji matupu. Inabaki na unga unaoutafuna kidogo. Chukua hiyo, soda achana nayo.

Wanaodhani hizi ni habari za wazee wasikie hili. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ayalandi, alifanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940, na alishangaa kuona magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za kwao hayaonekani kwa watu wa vijijini wa huko Uganda. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo katika jarida la Lancet. Wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha wastani wa gramu 470 hivi kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa saa 36 hivi. Mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao walitoa gramu 104 hivi, kwa saa 83. Wale wa kijijini walikuwa wanakula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, kama hiki cha mama huyu. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku, na kwa chipsi na soda huzifikii.

Kasoro ipo, kwenye maharage. Sufuria ya kwanza ni safi: anayaloweka usiku kucha, anamwaga maji yale, anachemsha kwa maji mapya. Kumwaga maji kunapunguza zile sukari ambazo tumbo letu haliwezi kuzivunja, zinazofika utumbo mpana nzima nzima na bakteria wakazichachusha kuwa gesi. Lakini wateja wakizidi anabandika sufuria ya pili ya haraka haraka, haikulowekwa, imewahishwa kwa magadi. Hiyo utailipia ukiwa katikati ya Kitonga, na utingo wako atashusha kioo. Na maharage mekundu yasipoiva sawasawa yanaweza kumtapisha mtu na kumharisha. Nimemwambia kwa heshima kwamba bora aseme maharage yamekwisha. Naomba na wengine mumwambie.

Choo ni bure kwa aliyekula. Ni cha shimo, sakafu ya zege, kinafagiliwa, nje kuna kibuyu chirizi na sabuni. Nalitaja kwa uzito wote, kwa sababu dona bila choo safi cha karibu ni mateso. Mtu atabana tena na faida yote imepotea. Sehemu kadhaa za barabara hii wanauza chakula kizuri na choo chao hakiingiliki.

Kama umezoea sembe, usianze na bonge kubwa. Tumbo litajaa gesi siku za mwanzo, likizoea linatulia. Na maji ni lazima unywe. Nyuzinyuzi bila maji zinaziba badala ya kufungua.

Lakini chakula kina mpaka wake. Choo cheusi kama lami, damu, au choo kilichobadilika ghafla na kukaa hivyo wiki kadhaa huku unapungua mwili, usikitafutie papai. Nenda hospitali. Utingo wangu aliwahi kushtuka Mbeya alipoona wekundu chooni, kumbe jana yake alikunywa juisi ya bitiruti. Vidonge vya kuongeza damu navyo hugeuza choo kuwa cheusi. Hivyo kumbuka kwanza ulichokula, na kama hukumbuki kitu cha namna hiyo, usingoje.

Paki upande wa banda, nafasi inatosha lori na tela lake. Sufuria ya kwanza ya maharage inaanza kuuzwa saa tano. Baada ya saa nane mchana mlenda unakuwa umekwisha. Mwombe akuwekee matembele, na maharage muulize kwanza ni ya sufuria ipi.