Nimechomoa Waya Roboti Ikiwa Kazini: Kompyuta ya Wati 8 kwa Foreksi

Haya wadau, karibuni tena. Leo sina utangulizi mrefu, maana hiki kidude, hii kompyuta ndogo, kimenifurahisha kuliko kifaa chochote nilichoweka mezani hapa mwaka huu. Ona, kinakaa kiganjani. Ukubwa wa boksi la majani ya chai. Na humo ndani kuna Windows kamili, programu ya foreksi (biashara ya fedha za kigeni) iitwayo MetaTrader 5 imefunguka mara mbili, na roboti yangu, yaani programu inayofanya biashara yenyewe, inanunua na kuuza EURUSD (yuro kwa dola) tangu Jumatatu bila mimi kuigusa.

Prosesa ni Intel N100. RAM na diski sitazungumzia, mmeshaziona kwenye video mia. Kwa MetaTrader mbili tatu inatosha na chenji inabaki.

Nataka muone kitu kimoja tu. Umeme. Nani hapa hajakatikiwa umeme wiki hii? Kompyuta yangu ya zamani, lile dubwana lililo chini ya meza, umeme ukikatika saa nane usiku linalala mpaka niamke nikabonyeze kitufe. Roboti imelala, soko linatembea, mimi nakoroma. Sasa tazama hapa.

Hii simu ni saa yangu ya kuhesabia. Simu hii nyingine ina MetaTrader ya akaunti hiyohiyo, na unaona kuna oda moja wazi, loti 0.01 (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara). Waya wa umeme ndio huu. Nachomoa. Tayari, imezimika kabisa. Sasa usiangalie kompyuta, angalia simu: oda bado ipo, na kikomo cha hasara (stop loss, bei ambayo oda inajifunga yenyewe) bado kipo palepale. Kwa nini? Kwa sababu kikomo kimeandikwa kwenye seva ya broka, kampuni inayotuunganisha na soko, hakikai kwenye kompyuta yangu. Ila sikiliza hapa, wengi wanaungulia hapa: kile kikomo kinachoifuata bei, kinachosogea kadiri faida inavyokua, kile kinasukumwa na MetaTrader ya kwenye kompyuta. Kompyuta ikizima, kinaganda pale kilipofikia. Na kuna roboti zinazoficha kikomo, hazikipeleki kwa broka kabisa. Ukiwa na roboti ya hivyo na umeme ukatike, hauna ulinzi wowote. Muulize aliyekuuzia kabla hujaiwasha.

Narudisha waya. Sigusi kitufe, mikono yangu hii hapa juu. Taa ya buluu imewaka yenyewe. Sekunde 9, Windows inapakia. Sekunde 24, tumeingia, haijauliza nywila. Sekunde 38, MetaTrader inafunguka yenyewe. Chati zote zimerudi kama zilivyokuwa. Pale juu kulia, jina la roboti na kikofia chake. Kikofia ni cha buluu, maana yake iko kazini. Kona ya chini, vimstari vya mtandao vimejaa. Sekunde 51! Wadau, mimi hii nimeirudia jana mara kumi na moja, na mara zote imerudi.

Namna ya kuiweka: ukiiwasha bonyeza Delete mfululizo uingie BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), tafuta mstari unaoiambia kompyuta ifanye nini umeme ukirudi. Kwangu kuna chaguo tatu: ibaki imezimwa, iwake, au irudi hali iliyokuwa nayo. Chagua iwake. Ile ya kurudi hali iliyokuwa nayo usiiamini, siku ukiizima mwenyewe kisha umeme ukakatika, itabaki imezimwa. Halafu ndani ya Windows ondoa nywila ya kuingilia kwa netplwiz (dirisha la akaunti za watumiaji), na njia ya mkato ya MetaTrader uiweke kwenye folda unayoifungua kwa kuandika shell:startup. Basi. Kwa kuwa haina nywila, usihifadhi humo barua pepe wala mambo ya benki, na usiiweke sebuleni wanapopita wageni.

Umeme inakula kiasi gani? Kipimo changu cha kuchomeka ukutani kinasoma wati 8. Kwa mwezi mzima usiku na mchana ni uniti 5.76. Kwa sisi wa LUKU ya shilingi 356 kwa uniti, ni kama 2,050. Dubwana langu linakula wati 95, yaani uniti 68 na nusu karibu, shilingi 24,000 na ushee. Na kama nyumba yako iko kwenye ile bei nafuu ya walio chini ya uniti 75 kwa mwezi, dubwana peke yake linakaribia kukumalizia mgawo, jokofu bado hujawasha.

Najua kuna mtu anaandika kwenye maoni: "kaka, kwa nini usinunue Raspberry Pi?" Nilinunua. Raspberry Pi ni kompyuta nzuri sana, lakini prosesa yake ni ya ARM, aina tofauti na ya Intel, na MetaTrader ya kompyuta imetengenezwa kwa Windows ya Intel na AMD. Inabidi upitie programu za kuigiza moja juu ya nyingine. Nilitumia wikendi mbili, ikafunguka, ikawa inaganda soko likichangamka. Sitaki kuikumbuka.

VPS je, yaani kompyuta ya kukodi kwenye mtandao? Nilipoanza kuandaa video hii nilitaka kusema VPS ni kutupa hela, dola 10 hadi 30 kila mwezi. Ila hapa kwangu Dar, kwenda seva ya broka iliyoko London na kurudi, MetaTrader inaniandikia milisekunde 168. VPS iliyo jirani na seva inasoma tarakimu moja. Roboti yangu inashika oda saa nyingi, hainisumbui. Kama yako inachomoa pipsi (vipande vidogo vya bei) mbili tatu na kukimbia, kodi VPS, kidude hiki hakikufai. Nimebadili msimamo, na nausema wazi.

Kinachoniudhi ni Windows kujisasisha na kujizima yenyewe katikati ya wiki. Isimamishe, na usasishe Jumamosi soko likiwa limefungwa.

Na jamani, kompyuta haiigeuzi roboti mbovu kuwa nzuri. Mimi niliuziwa roboti Telegram, kila ikipoteza inaongeza loti maradufu: 0.01, 0.02, 0.04. Oda ya nane tayari ni 1.28. Miezi miwili faida tupu, usiku mmoja ikaunguza akaunti yote. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Ulaya, ilisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida kwenye CFD (mikataba ya kubashiri bei, ikiwemo foreksi) hupoteza fedha. Ada ya shule usiiingize humu. Nakuomba.

Bei: nilichukua Kariakoo kwa 480,000, juzi nimeuliza duka lilelile wanataka 560,000. Ikifika 600,000 mimi singenunua, ningetafuta iliyotumika. Na weka pesa ya betri ya rauta pembeni, maana kompyuta ikirudi na rauta ikiwa imekufa, umepata nini?

Hilo la rauta ndilo tunalijaribu Jumapili. Tutakuwa mubashara usiku, soko likifunguka. Nitazima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu, wote mkiona. Washa kengele, na kwenye maoni niandikie roboti yako inaficha kikomo au inakipeleka kwa broka.