Bunduki ya kulungu wakubwa: ninunue kaliba gani?

Kaliba ni aina ya risasi ambayo bunduki imetengenezewa. Jibu la haraka ni .30-06 Springfield. Mwenye haraka aishie hapo, akashughulikie kibali. Mwenye muda aendelee kusoma, maana wengi hununua bunduki ya kulungu kwa kupenda mshindo wake, kisha wanaiuza kabla hata hawajamaliza boksi tatu za risasi.

Kwanza mnyama mwenyewe. Dume la kulungu mwekundu hufika kilo 200. Wapiti, ndugu yake mkubwa wa Amerika Kaskazini, hupita 300. Yule mkubwa kuliko wote, mwenye pembe bapa kama viganja, wa misitu ya Kanada, Alaska na Skandinavia (Waingereza humwita moose au elk), anaweza kufika 600. Wote huanguka upesi kwa jambo lile lile: tundu lililopita kwenye mapafu yote mawili. Kwa hiyo unachonunua hasa ni kichwa cha risasi kizito kinachozama bila kusambaratika. Bunduki ni chombo cha kukifikisha.

Waswidi wameliweka hilo kwenye sheria. Kwa mnyama wa pembe bapa, kichwa cha gramu 9 lazima kibaki na nguvu ya jouli 2,700 kwenye mita 100. Kikiwa cha gramu 10 au zaidi, jouli 2,000 zinatosha. Uzito unasamehewa pale wepesi usiposamehewa. Nchi nyingine zina viwango vyao, navyo visome kabla hujatoa hela.

Mwaka 1946 mwindaji Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda mnyama huyo huyo huko British Columbia, Kanada, na bunduki aliyoshika haikuwa dhaifu hata kidogo. Risasi zilipasukia juu juu, hazikuingia. Akaenda kuunda kichwa chenye ukuta katikati: nusu ya mbele inapanuka, ya nyuma inabaki nzima ikiendelea kuchimba. Vichwa vya namna hiyo bado vinauzwa, pamoja na vya shaba tupu na vile ambavyo madini ya ndani yamegandishwa kwenye koti la shaba. Chukua chochote kati ya hivyo. Vya bei rahisi viache kwa ajili ya kulengea shabaha.

Sasa orodha yangu.

1. .30-06 Springfield. Ya mwaka 1906, kama jina linavyosema. Inarusha kichwa cha gramu 11.7 kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde. Ukiirekebisha ipige katikati kwenye mita 200, kwenye 300 itashuka karibu sentimita 25, kiasi ambacho mtu mwenye mazoezi anakimudu. Teke lake begani unalisikia, halikutishi. Risasi zake ni miongoni mwa zinazopatikana kwa urahisi zaidi duniani, na hilo utalishukuru siku mzigo wako utakapopotea safarini.

2. .308 Winchester. Ni mdogo wake .30-06: kipenyo cha kichwa kile kile, ganda la milimita 51 badala ya 63. Unapoteza kasi kidogo, unapata bunduki fupi na bega lisilolalamika. Mwindaji wa msituni asiyepiga zaidi ya mita 200, na anayeanza, ningewapa hii bila kusita.

3. .300 Winchester Magnum. Inaongeza kasi hadi mita 900 kwa kichwa kile kile cha gramu 11.7, na teke linaongezeka zaidi ya robo. Ni ya mabonde mapana, na ya mtu aliyekwisha kupiga sana. Wengi wanaoimiliki wanaiogopa, ila hawasemi.

4. .270 Winchester. Nzuri mno kwa kulungu mwekundu na wapiti, mradi utumie vichwa vya gramu 9.7.

5. Jamii ya 6.5, yaani zenye kichwa cha kipenyo cha milimita 6.5 hivi. Ile 6.5×55 imeangusha wanyama wa pembe bapa Skandinavia kwa zaidi ya miaka 100, na Creedmoor ya juzi juzi inafanya kazi ile ile. Nimeziweka chini kwa sababu hazimwachii mpigaji nafasi ya kukosea mwelekeo wa kumpiga mnyama. Mkono mtulivu anaweza kuzipandisha hadi namba 2, nami sitabisha.

Bunduki yenyewe isikuumize kichwa: ya komeo, yaani unayovuta komeo kwa mkono kila unapoingiza risasi, kilo 3 hadi 3.5 bila darubini. Chini ya hapo ni raha kuibeba na adhabu kuipiga.

Kabla hujakubali kaliba yoyote, omba kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha. Mwenzako akujazie bunduki kwa kificho: mara aweke risasi hai, mara risasi ya bandia. Wewe lenga na ufyatue kama kawaida. Ikitokea ya bandia, tazama mdomo wa mtutu. Ukibaki tuli, kaliba hiyo ni yako. Ukichota chini kama jembe, ujue mwili wako unalikimbia teke kabla halijaja, na porini utampiga mnyama tumbo. Shuka hadi kaliba yenye teke dogo zaidi, urudie.

Halafu darubini. Iache umbali wa sentimita 9 hivi kutoka jichoni, na uupime ukiwa umelala kifudifudi, si umesimama dukani, kwa kuwa ukilala uso husogea mbele. Ikiwa karibu mno, teke la kwanza tu litakuchora nusu mwezi juu ya nyusi.