Fundi aliyenikompailia kerneli nimemkoma

Kwa anayeuliza kama abaki na kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) ya Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, au amwite fundi amkompailie (amjengee kutoka kodi yake) ya kwake: baki. Mimi nimekoma.

Nina steshenari Mwenge, kompyuta moja kuukuu ndiyo inayoprinti kila kitu. Fundi akaniambia kerneli ya Debian imebeba draiva (programu za kuendesha vifaa) za dunia nzima, kwangu ni mzigo tu. Atanitengenezea nyingine ya mashine yangu peke yake. Feni ililia mchana kutwa. Ilipowaka, kweli ilikuwa nyepesi, hata nikamsifia kwa majirani.

Haikupita muda akaja mwanafunzi wa Mlimani na ripoti ya fildi, ya kukabidhi siku hiyohiyo. Anachomeka flashi, kimya. Tundu la pili, kimya. Mausi inafanya kazi, kibodi inafanya kazi, flashi haionekani, na foleni inajaa. Nampigia fundi. "Dada, flashi za wateja wako zina virusi." Zote? Hata yangu niliyoitoa kwenye paketi sasa hivi? Akacheka! Eti Linux siyo ya kila mtu, nitume nauli na hela ya kukompaili upya.

Aliyegundua ni yule mwanafunzi. Akaandika modprobe usb-storage, amri ya kuita draiva ya flashi, ikajibiwa moduli (kipande cha kerneli chenye draiva) haipo. Akapekua amri za fundi, akakuta make localmodconfig. Hiyo huangalia moduli zinazotumika wakati huo, zilizobaki inazizima. Siku ile hapakuwa na flashi iliyochomekwa, basi draiva yake ikaachwa nje. Mtu amekaa dukani kwangu kutwa nzima, hakujiuliza wateja wanaleta kazi zao na nini! Na kerneli ya Debian alishaifuta, eti inajaza diski, wakati hiyo ndiyo ya kukimbilia mambo yakiharibika.

Dawa yenyewe: sudo apt install linux-image-amd64, yaani apt, kisakinishi cha Debian, kirudishe kerneli yake. Basi, maana intaneti ya waya ilikuwa hai. Tukawasha upya, ikarudi ileile ya fundi, kwa kuwa GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwashia, hutanguliza toleo kubwa zaidi. Ikabidi tuchague ya Debian kwa mkono. Na hiyo nauli aliyotaka ilikuwa ya nini?

Isitoshe, masasisho ya usalama ya Debian yanaingia kwa apt. Ile ya fundi angeisasisha nani? Yeye, ambaye simu ya pili hakupokea?

Ila tusidanganyane, ilikuwa nyepesi. Na yule mwanafunzi mwenyewe kwenye laptopu yake anatumia ya kukompaili, kwa sababu Wi-Fi yake ilihitaji draiva ambayo toleo la Debian halikuwa nayo. Anasema hii yangu ikirudiwa flashi zikiwa zimechomekwa, na ya Debian ikaachwa pembeni, hakuna tatizo. Jumapili tukiwa tumefunga, labda nitamwachia ajaribu. Fundi asikanyage.