Monkey Man ya Dev Patel: dj kaniharibia muvi, nimeirudia usiku peke yangu ndo nikaielewa

Nianze na hasira kabisa maana sina utulivu wa kujifanya. Nilinunua Monkey Man iliyotafsiriwa, library ya muvi hapa mtaani kwetu, mia tano tu, nikawekewa kwenye flashi, nikaenda nyumbani nikamwekea mama, na kabla hata dakika kumi hazijaisha nilitaka kuing'oa ile flashi niirushe dirishani.

Mama yangu ni mtu wa muvi za Kihindi tangu enzi za mikanda. Kiingereza hajui, maandishi ya chini macho yake hayayawezi tena, kwahiyo kwetu sisi dj, yule anayeitafsiri muvi kwa Kiswahili kwa sauti yake, ndo mdomo wa muvi. Sina dharau na hii kazi, nimekulia kwenye vibanda umiza, kuna madj walinifanya niipende hii kitu na wakiongea unasahau kabisa kama wale watu wanaongea lugha nyingine. Ndo maana huyu kaniuma.

Muvi inaanza mama na mwanae mdogo wako msituni, mama anamsimulia habari za Hanuman, yule mungu wa Kihindu mwenye sura ya nyani, kwamba alipokuwa mtoto aliliona jua akadhani ni embe bivu, akaruka kwenda kulila, miungu ikakasirika ikamwadhibu, akanyang'anywa nguvu zake. Hicho kisa ndo nguzo ya muvi. Steringi anapigana ulingoni kavaa barakoa ya nyani kwa sababu ya kile kisa, jina la muvi limetoka pale, kila anapoanguka na kuinuka ni kile kisa kinarudi. Sasa dj wetu kasemaje? Kasema mama anamkanya mwanae asiibe maembe ya jirani. Wallahi. Maembe ya jirani. Mbele huko kijiji kinavamiwa kinachomwa, yule mama anauawa na mkuu wa polisi, mtoto anaona kwa macho yake, na mama yangu kanigeukia anauliza, "Kwahiyo wamemuua kwa ajili ya maembe?"

Nilishindwa kumjibu.

Wanauawa kwa sababu ya ardhi. Kuna baba mmoja wa dini, Baba Shakti, watu wanamsujudia, kumbe anachukua vijiji vya maskini na polisi ndo wanamfanyia hiyo kazi, na anakuwa na sauti mpaka kwenye uchaguzi. Kila mtu anayeijua habari ya kuamka asubuhi shamba lako si lako ataielewa hii muvi bila kufika India. Dj hicho kipande chote kakipitisha kwa kusema "hawa ni majambazi sugu" basi, akaendelea.

Ila kilichonimaliza ni tabla, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi zinazopigwa kwa vidole. Steringi katika jaribio lake la kwanza la kisasi anashindwa vibaya, anapigwa risasi, anaokotwa na kuuguzwa na watu wanaoitwa hijra, ni jamii ya siku nyingi sana kule India, hawahesabiwi wanaume wala wanawake, na tangu 2014 mahakama ya juu ya kule inawatambua kama jinsia ya tatu. Wanaishi kwenye hekalu lao, wametengwa, ila ndo wanaomrudishia uhai. Pale hekaluni anafanya mazoezi ya ngumi kwenye gunia na pembeni kakaa mzee mmoja anapiga tabla. Yule mzee ni Zakir Hussain mwenyewe! Mpigaji mkubwa kabisa wa tabla, kafariki mwishoni mwa 2024. Ngoma inapiga, ngumi inajibu, ngoma inabadilisha mwendo, ngumi inaikosa, inarudia, mpaka vinakuwa kitu kimoja, na pale hakuna maneno, hakuna chochote cha kutafsiri. Unyamaze tu, mtu wa Mungu. Huyu bwana ndo kaona hapo ndo pa kuwasalimia washkaji zake wa gereji, mmoja mmoja kwa jina, halafu akaanza kuwatukana wale hijra kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa na mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Nilizima. Mama akasema afadhali, kichwa kinamuuma.

Kesho yake, au keshokutwa, nikarudi library. Sikwenda kwa ugomvi, nilitaka tu kujua kama kuna tafsiri ya dj mwingine. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta hata hakunitazama, akasema, "Dada, wewe umekuja kuangalia muvi au kufanya mtihani?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia basi nibadilishie na nyingine, akasema ikishaingia kwenye flashi imeshaingia, akarudisha spika zake masikioni. Shikamoo nimempa mama yake miaka yote hiyo! Nilitoka pale natetemeka, na nilipofika nyumbani nilishaamua naandika kwamba Monkey Man ni muvi mbovu msipoteze hela wala bando.

Na kweli nilikuwa nimeshaandika nusu. Binamu yangu ndo akanitafutia ambayo haina dj, nikaiangalia usiku peke yangu, spika masikioni, nikafuta yote niliyoandika.

Jamani. Dev Patel huyu tumemzoea kwenye sura ya upole, yule kijana wa Slumdog Millionaire ya 2008, baadae Lion. Huyu ndo kaamua muvi yake ya kwanza kuongoza iwe ya damu hivi, na kaandika kisa, na yeye ndo steringi. Walitaka kuipigia India, Uviko ukawazuia, wakahamia kisiwa cha Batam kule Indonesia, akavunjika mkono kwenye pigano na akaendelea kupigana hivyo hivyo. Nilipolijua hilo nikaangalia tena lile pigano la chooni nikawa nasikia maumivu mimi. Na wazazi wake ni Wagujarati waliozaliwa Nairobi, ndo wakahamia Uingereza, kwahiyo huyu mtu si wa mbali na sisi kama nilivyodhani.

Kuna kipande cha mkoba unaibiwa unapita mkono kwa mkono mtaani, huyu anampa yule, yule anarusha kwa mwingine, sijawahi kuona mji unakimbia namna ile. Kuna bajaji iliyofungwa injini ya kutisha, wameipa na jina, Nicki, inakimbizana na polisi. Kuna pigano la kwenye lifti, kisu kakishika kwa meno. Na kuna pale steringi anakimbia ajirushe dirishani kama steringi wote, na kioo kinakataa kuvunjika. Nilipapenda sana pale, maana huyu si mtu wa chuma, ni mtoto aliyefiwa na mama.

Sasa nisiwadanganye, kamera inatikisika mno. Mapigano ya mwanzo kuna sekunde hujui mkono ni wa nani na goti ni la nani, na hilo halihusiani na dj, hilo ni la Dev Patel. Na kuna dada mmoja, Sita, anafanya kazi kwenye klabu ya matajiri, kafunguliwa mlango halafu kaachwa tu mlangoni, nilitaka kumjua zaidi. Usiku ule ningeipa nane kwa kumi, asubuhi nikasema saba kwa sababu ya kamera, nikirudi kwenye ile tabla nasema tisa, na sasa hivi ninavyoandika nina hasira tena na sitaki kusikia habari ya saba.

Mama nimemwekea upya juzi, mtafsiri mimi mwenyewe. Si kazi rahisi, nikiri hilo, mdomo unakauka na wahusika wanakukimbia. Ila lile embe nilimwambia kama lilivyo, na tabla ilipoanza nikanyamaza, na mama akawa anatingisha kidole kwenye mkono wa kochi mpaka ikaisha. Umeme ukakatika kabla ya pigano la mwisho. Tukalala.

Leo asubuhi nafagia uwanja kaniita kutoka ndani, "Hivi yule mtoto wa nyani zile nguvu zake walimrudishia?" Nikamwambia mama, umeme ukirudi tunamalizia.