Ndege ya Kigoma kwenda Dar na uoga wangu: nilichofanyiwa kaunta bado kinaniuma

Imeshapita kama wiki mbili tatu ila hasira haijaniisha. Mi naogopa ndege, nasema wazi, na si uoga wa kudeka. Tangu ile ajali ya Bukoba Novemba 2022, watu 19 wakafa ziwani karibu kabisa na uwanja na sisi huku tunaona kwenye simu wavuvi wanaivuta ndege kwa kamba, niliapa kwamba ndege sipandi tena. Kigoma tuko kandokando ya ziwa, lile picha halikunitoka. Nikabaki na treni, siku mbili mpaka Dar na ikikwama ndo zaidi, unafunga migebuka yako ya kukaanga, mkifika Tabora unashuka kunyoosha miguu, maisha yanaenda.

Sasa mwanangu kajifungua kwa oparesheni Dar, mumewe yuko safarini, hana wa kumshikia mtoto hata aende kuoga. Siku mbili za treni ningeziona mwaka. Nikakatiwa tiketi ya ndege.

Usiku sikulala. Nimefika uwanjani mapema sana, nina boksi langu la dagaa, tumbo linavuruga. Mtu aliyezoea kusafiri alishaniambia omba siti usawa wa mabawa, pale hapatikisiki kama mkiani. Basi nikamwambia dada wa kaunta kwa sauti ya chini kabisa, mwanangu mi naogopa ndege, nisaidie siti karibu na bawa. Hakuniangalia hata usoni. Akajibu foleni nzima isikie, "Mama kama unaogopa stesheni ya treni si unaijua? Hapa hatuchagui siti kama kwenye hiace." Watu wakacheka. Na mwenzie wa pembeni akacheka. Akanisukumia karatasi, naangalia, siti ya nyuma huko mwisho.

Jamani. Mi nauza vitenge soko la Mwanga, mteja anapangua meza yote, anakunjua kimoja kimoja, anajifunga, anajitazama, anaondoka hajanunua hata kimoja, na sijawahi kumjibu mtu hivyo. Siti kama zimejaa sema mama zimejaa, pole. Inakugharimu nini? Nilikuja na hofu nikaondoka pale na hofu na aibu, mikono ikawa inatetemeka mpaka zipu ya mkoba inanishinda kufunga, kijana wa nyuma yangu ndo akanifungia. Nilibakiza kidogo tu niite bodaboda nirudi Mwanga, kilichonizuia ni mwanangu na kile kidonda chake.

Ingeishia hapo ningewapa nyota moja na kuwaambia watu wote wa Kigoma msiwape hela yenu.

Lakini ndani ya ndege kulikuwa na mhudumu mmoja, binti mdogo tu, aliniona nimeng'ang'ania siti ya mbele yangu akainama akanisalimia Kiha, "Mwakeye mama". Kumbe wa Kasulu. Nikamwambia yote, na la kaunta nikamwambia. Akanishika mkono akasema subiri kidogo. Watu walipoisha kuingia akaja kunihamisha, usawa wa bawa, dirishani. Kwahiyo siti ilikuwepo!! Ilikuwepo muda wote, yule alishindwa tu kunyanyua macho aangalie.

Alichofanya huyu binti ni kuniambia kabla. Mama, tukinyanyuka utasikia mngurumo, hayo ni magurudumu yanakunjwa, usishtuke. Halafu sauti ya injini itashuka na utahisi kama tunaanguka, hatuanguki, nguvu ya kurukia ni kubwa kuliko ya kuendelea kupanda kwahiyo rubani anaipunguza. Na kweli, ni hizi za mapangaboi, nilikuwa naliona gurudumu pale dirishani, likajikunja taratibu likaingia chini ya injini, mlango wake ukajifunga. Sauti ikashuka na moyo ukashuka nayo, ila nilikuwa nimeshaambiwa.

Tukaja kuingia kwenye mawingu, ikatikisika vibaya. Rubani akatangaza Kiingereza cha haraka haraka sikuambulia kitu, na hili nalo walirekebishe, sisi wenye hofu tukisikia sauti bila maneno ndo tunazidi kuumia. Binti alikuwa amenipa kachupa ka maji, nimekunywa nusu, akasema mwili utakudanganya mama, we angalia maji. Nikayakodolea. Mwili unaniambia tunadondoka shimoni na maji yanacheza kidogo tu mle, kama vile uko kwenye gari kwenye lami yenye viraka. Navuta pumzi nahesabu nne, natoa nahesabu sita, macho kwenye maji, mpaka ikatulia. Machozi yalinitoka na sikuona aibu.

Masaa kama mawili tumeshuka Dar, jioni hiyo hiyo nimempakata mjukuu.

Kwahiyo sijui niwape ngapi. Wa angani tano zote. Kaunta sifuri, na nilipiga simu ofisini kwao wakasema watalifanyia kazi, mpaka leo kimya, nikikumbuka kile kicheko natamani nifute hata hizo tano. Lakini nitakuwa namdhulumu yule binti.

Tiketi ya kurudi ninayo, mkwe ameshachagua na siti kwenye simu, usawa wa bawa. Uoga haujaisha, jana nimeamka saa nane usiku nikakaa mpaka alfajiri. Ila nitapanda. Na wewe binti wa Kasulu kama unasoma hapa, nimeshampigia anayenishikia meza sokoni akuwekee doti ya kitenge, ile ya bluu, asimuuzie mtu.